Masomo ya Bure Yaliyofika Shuleni kwa Redio

(Haya ndiyo maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Yamepigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Wanafunzi wayasome kwa zamu, kila mmoja kifungu kimoja. Palipoandikwa "Kimya", msomaji anyamaze ili darasa lijibu.)

Ninyi mlio karibu na redio mwanisikia kwa masikio, na wewe uliyekosa kipindi wayasoma maneno haya kwa macho. Nyote ni wanafunzi wangu.

Leo nitaanza kwa swali. Somo hili unalolipata umelilipia kiasi gani? Fikiri kidogo, kisha umjibu jirani yako.

(Kimya.)

Nadhani wengi wenu mmesema, "Bure." Na kweli, sikumtoza mtu ada mlangoni, wala redio haina mlango. Lakini yuko mmoja pale nyuma anayenong'ona, "Bure namna gani? Betri za redio hii amezinunua nani?" Huyo ndiye ninayemtaka. Swali lake ndilo litakalotuongoza leo, maana somo letu la historia ni habari za masomo ya redio yaliyotolewa bure kwa shule: yalianzia wapi, yalisafirije nchi kwa nchi, na ni nani aliyeyalipia.

Tuanze Uingereza. BBC ilianza kutangaza mwaka 1922. Mwezi wa Aprili 1924 ilitoa somo lake la kwanza kwa shule za nchi nzima, na mwalimu alikuwa Sir Walford Davies, mtaalamu wa muziki. Wakati ule redio ilikuwa kitu kigeni kabisa. Shule nyingi hazikuwa nayo, na mahali pengine mwalimu mwenyewe ndiye aliyeunganisha nyaya nyumbani kwake, akatengeneza chombo, akakibeba mpaka darasani. Chombo kikikoroma, watoto walisikia mkoromo tu.

Mwanzoni wenye redio walidhani kazi hii ni rahisi. Walitafuta mabwana wenye elimu kubwa, wakawaketisha mbele ya kipaza sauti, wakawaacha waseme. Walisahau jambo ambalo kila mzazi analijua, kwamba mtoto hawezi kuketi kimya akimsikiliza mtu asiyemwona, anayesema maneno marefu kwa muda mrefu. Aliyelishika jambo hilo barabara ni bibi mmoja jina lake Mary Somerville. Aliingia kazini BBC mwaka 1925, na baadaye akawa mkuu wa matangazo ya shule. Bibi huyu hakukaa katika chumba cha kutangazia akangoja sifa. Alikwenda madarasani, akaketi pamoja na watoto, akawatazama wanavyosikiliza: nani anapiga miayo, nani anachezea kalamu, nani amekaza macho.

Mwaka 1927 yakafanywa majaribio katika shule za jimbo la Kent, kwa msaada wa mfuko wa Carnegie, ili kujua hasa masomo ya redio yanawafaa watoto namna gani. Vipindi vikaanza kubadilika. Bibi Rhoda Power, kwa mfano, alifundisha historia kwa masimulizi na michezo ya kuigiza, akatia ndani yake sauti za watu na za vitu, hata mtoto akahisi kwamba yumo katika zamani ile mwenyewe.

Pamoja na sauti hizo BBC ilipiga chapa vijitabu vyenye picha, ili mtoto atazame huku anasikia. Hapa ndipo neno letu "bure" linapoanza kupata ufa. Sauti ilipita hewani bila kutozwa, lakini vijitabu viliuzwa. Bei ilikuwa ndogo, lakini ndogo siyo bure. Shule isiyokuwa nayo ilisikia bila kuona.

Nitawapa kisa kimoja zaidi cha Uingereza, kisha tutaondoka. Mwezi wa Septemba 1939 vita vikuu vya pili vilipoanza, zaidi ya watu milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walihamishwa kwa siku chache kutoka miji mikubwa kwenda mashamba, kwa kuogopa mabomu. Madarasa yakavunjika, na watoto wakaenda kulala katika nyumba za watu wasiowajua. Mwezi huo huo BBC ikaanzisha kipindi cha nyimbo kwa shule, jina lake "Singing Together", yaani kuimba pamoja. Mtoto wa London aliyekuwa kijiji hiki aliimba wimbo ule ule, kwa saa ile ile, na rafiki yake aliyekuwa kijiji kingine. Kipindi hicho kiliishi miaka mingi baada ya vita kwisha. Wakubwa wengi wa Uingereza bado wanazikumbuka nyimbo zake, na wengine hawakumbuki kabisa jina la mwalimu aliyewafundisha kuhesabu.

Lakini Uingereza ni nchi ndogo, na hata wakati wa vita shule haikuwa mbali na mtoto. Je, mahali ambapo shule haipo kabisa?

Katikati ya Australia ni nyika kavu isiyo na mwisho. Wafugaji wa huko hukaa mbalimbali, hata mtu aweza kusafiri kilomita mia asione moshi wa jirani. Zamani watoto wao walisoma kwa posta. Mwalimu alituma karatasi za masomo kutoka mjini, mtoto akaandika majibu, mama akayatia katika bahasha, kisha wakangoja. Majibu yakirudi na alama nyekundu, mtoto alikuwa amekwisha kusahau aliulizwa nini.

Mwaka 1928 mchungaji mmoja, John Flynn, alianzisha kazi ya daktari wa ndege, ili wagonjwa wa nyikani wafikiwe haraka. Ndege ikapatikana na daktari akapatikana. Lakini mgonjwa atamwitaje daktari, na nyumba haina simu wala umeme? Hapo akatokea fundi mmoja wa Adelaide, Alfred Traeger. Mwaka 1929 redio yake ya kukanyaga ilianza kufungwa katika nyumba za nyikani. Mtu aliketi, akakanyaga pedali kama za baisikeli, umeme ukatoka, naye akapeleka habari. Mwanzoni habari zilikwenda kwa alama za kugonga, na baadaye kwa sauti. Tena familia zikapewa sanduku la dawa, kila dawa ina namba yake. Daktari alisikiliza maradhi kwa redio akasema, "Mpe namba fulani."

Sasa yupo bibi mwingine katika hadithi yetu, naye ni Adelaide Miethke. Alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka mingi, na baadaye akawa mmoja wa wakubwa wa chama cha daktari wa ndege. Alipotembelea nyika ile aliona kwamba watoto wote, hata walio wadogo, wanajua kuitumia redio ya daktari. Basi akajiuliza: kama redio hii yaweza kumleta daktari, kwa nini isimlete mwalimu?

Mwaka 1951 Shule ya Hewani ilifunguliwa katika mji wa Alice Springs. Eneo lake lina zaidi ya kilomita za mraba milioni moja. Ukitaka kulipima, chukua Tanzania nzima, bara na visiwani, na bado utabakiwa na nafasi. Darasa ni moja, na kila mwanafunzi yuko kwao.

Mwanzoni mwalimu alisema na watoto wakasikiliza tu. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba hivyo havitoshi, na mwishoni mwa kila somo ukatengwa wakati wa maswali na majibu. Redio zile hazikuwezesha mtu kusema na kusikia kwa mara moja. Ulibonya kitufe ukasema, ukakiachia ukasikia. Kwa hiyo mtoto alijifunza pia kungoja zamu yake, na mtoto wa nyumba ya mbali kabisa alisikia sauti ya mtoto mwenzake, ambaye pengine hakupata kumwona kwa macho hata siku moja.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Aliyeketi karibu na mtoto yule ni nani? Mwalimu alikuwa mbali, kilomita mamia. Aliyehakikisha kwamba daftari lipo, kwamba mtoto ameketi saa ya somo ilipofika, kwamba amefanya alichoagizwa, alikuwa mama yake mara nyingi, au mtu mwingine wa nyumbani. Serikali ililipa mwalimu na mtambo, na mama alilipa kwa saa zake, huku ng'ombe na chungu vinamngoja. Jina lake halimo katika vitabu vya historia. Redio za shule ile zilitumika zaidi ya miaka 50, ndipo mtandao wa setilaiti ukachukua mahali pake, lakini yule mtu wa nyumbani bado anahitajiwa.

Sasa na turudi kwetu, maana jambo hili la mtu aliye karibu na redio sisi tumelijua kwa njia yetu. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla yake, mwaka 1969, yalikuwa yamekwisha kujaribiwa masomo ya redio kwa vikundi, yaliyoitwa "Kupanga ni Kuchagua". Mwaka 1971 yakafuata ya "Wakati wa Furaha", kwa ajili ya miaka kumi ya uhuru. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni kubwa kuliko zote hizo, nayo ni "Mtu ni Afya".

Wazee mlio darasani, mnaikumbuka? Kama yupo aliyekuwamo, asimame awaeleze wenzake kwa maneno machache.

(Kimya.)

Watu wapatao milioni mbili waliingia katika vikundi vya kusikiliza, kwa muda wa wiki 12. Wataalamu hawakuishia kurusha sauti wakaenda zao kulala. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kabla ya kampeni kuanza, na viongozi hao walikuwa zaidi ya 70,000. Kulikuwa na kitabu cha kusomwa, na sehemu ya fedha zilitoka Sweden. Watu walikutana, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaulizana: tutafanya nini? Na walifanya. Walifyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu, na vyoo vilivyochimbwa katika miezi ile vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Redio haikuchimba hata kimoja.

Mtasema, hao ni watu wazima, na leo tunazungumza habari za shule. Ni kweli. Lakini nimewaleta huku kwa makusudi, kwa kuwa wakati ule ule, upande wa pili wa dunia, watu wengine walikuwa wakijiuliza kama mtoto mdogo naye aweza kufundishwa na redio bila ya kusinzia.

Nikaragua ni nchi ya Amerika ya Kati. Mwaka 1974 ilianzishwa huko kazi ya kufundisha hesabu kwa redio katika shule za msingi. Wizara ya elimu ya nchi ile ilishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, na fedha zilitoka serikali ya Marekani. Waalimu wengi wa vijijini hawakuwa na mafunzo ya kutosha, na vitabu vilikuwa haba. Wataalamu wale waliyatazama masomo ya redio ya zamani wakaona ugonjwa wake, kwamba redio inasema na mtoto anasikia, basi. Wao wakageuza. Redio iliuliza, "Mbili na tatu ni ngapi?" kisha ikanyamaza. Darasa zima likajibu kwa sauti. Redio ikasema, "Tano," na mtoto akajua pale pale kama amepata au amekosa. Kisha swali lingine, kisha wimbo, kisha simama, keti, andika, hesabu vidole. Katika nusu saa mtoto alijibu mara nyingi kuliko ambavyo pengine angejibu kwa wiki nzima mbele ya mwalimu mmoja mwenye watoto hamsini.

Kile kimya kilipimwa. Kikiwa kifupi, mtoto mzito hupitwa. Kikiwa kirefu, mtoto mwepesi huanza utundu. Kwa hiyo walinasa somo, wakalipeleka darasani, wakaangalia ni wapi watoto wamejibu na ni wapi wamekwama, wakarudi kulitengeneza upya. Mimi nimefundisha kwa redio, na nakiri kwenu kwamba kunyamaza mbele ya kipaza sauti ni kazi ngumu. Fundi wa mitambo anakutazama kama mtu aliyepotewa na maneno.

Mwanzoni kila mtoto alipewa karatasi ya mazoezi. Lakini karatasi ni ghali kuliko hewa. Karatasi zikaachwa, na watoto wakaandika katika madaftari yao wenyewe. Hivyo ndivyo mambo ya bure yanavyokwenda. Gharama ikiondolewa hapa, uitafute, utaikuta pale.

Je, yalifaa masomo hayo? Ulifanywa mtihani wa haki. Madarasa yalitengwa mafungu matatu: fungu moja likapewa vitabu vya hesabu, fungu la pili likapewa redio, na la tatu likaendelea kama zamani. Mwisho wa mwaka wote wakapimwa. Wenye vitabu waliwashinda wale wa zamani, na wenye redio wakawashinda wenye vitabu. Zaidi ya hayo, mtoto wa kijijini ambaye siku zote alikuwa nyuma ya mtoto wa mjini, alimkaribia. Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba vitabu havina kazi, maana mtihani ule ule ulionyesha kwamba vinasaidia. Nasema tu kwamba redio iliyojua kuuliza na kungoja ilifanya kazi ambayo watu hawakuitegemea. Mwaka 1979 serikali ya Somoza ilipinduliwa, na kazi ile ikaishia hapo.

Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupeperuka. Mwaka 1980 ilifika Kenya. Taasisi ya Elimu ya Kenya, pamoja na wataalamu wa lugha kutoka Marekani, walianza kutengeneza masomo ya Kiingereza kwa njia hiyo ya kujibizana, kwa madarasa ya kwanza, ya pili na ya tatu, katika baadhi ya shule za mashambani. Kipindi kilikuwa cha nusu saa, kila siku ya shule, kupitia Sauti ya Kenya. Mwalimu hakuondolewa. Alipewa maelezo kabla ya kipindi, akaandika ubaoni maneno yatakayotajwa, na wakati wa kipindi alizunguka kati ya watoto akisahihisha. Mwalimu ambaye hakupata nafasi ya kukisema Kiingereza sana alijifunza pamoja na watoto, wala hakuaibika, kwa kuwa aliyeuliza maswali hakuwa yeye. Walipopimwa, watoto waliosoma kwa redio waliwapita wenzao katika kusikia na kusoma.

Mradi ulikwisha mwaka 1985, mwaka ule ule Kenya ilipoanza mpango mpya wa masomo wa 8-4-4, na masomo yale hayakuenea nchi nzima kama yalivyotarajiwa. Mimi naona hili ni jambo la kusikitisha. Vipindi vyenyewe vilichukuliwa Lesotho, vikarekebishwa, na watoto wa huko wakafundishwa Kiingereza kwa kazi iliyofanywa Kenya. Fedha za wageni zina tarehe ya mwisho, na mtoto wa darasa la kwanza huzaliwa kila mwaka.

Sasa na tumjibu yule ndugu wa betri, maana amengoja sana.

Niliwahi kuingia katika darasa moja, sitalitaja jina wala wilaya, nikakuta redio nzuri juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua. Nikauliza, "Inasema?" Mwalimu akacheka, akasema mawe yake yalikufa tangu mvua za masika. Shule haikuwa na fungu la betri. Mwalimu alikuwa amenunua mara mbili kwa mshahara wake, mara ya tatu akachoka. Ofisi iliyoileta redio ilikuwa imekwisha kuandika katika taarifa yake kwamba shule ile imepata redio, na neno hilo lilikuwa kweli tupu. Watoto walikuwa wakiimba wimbo wa mwanzo wa kipindi kwa kuukumbuka, bila kipindi.

Tatizo hili liliwasumbua wengi. Mwingereza mmoja, Trevor Baylis, alibuni redio ya kuzungushwa kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kutazama habari za UKIMWI katika Afrika na kuambiwa kwamba redio ingesaidia kueneza mafunzo, lakini betri ni ghali. Ukizungusha mpini, unakaza kamani ya ndani, nayo ikilegea polepole inatoa umeme. Tazameni jinsi mambo yanavyorudi: Traeger alitumia miguu, Baylis akatumia mkono.

Redio za namna hiyo zilipata kazi kubwa Zambia. UKIMWI ulikuwa umewaacha watoto wengi yatima, na waalimu wengi nao walikufa. Mwaka 2000 ilianza kusikika huko "Taonga Market", masomo ya redio kwa watoto wasiokuwa shuleni. Watoto walikusanyika kanisani, au chini ya mti, au katika kibanda, na mtu mmoja wa kijiji akakubali kuwa msaidizi wao. Msaidizi huyo hakuwa mwalimu wa kusomea. Alifungua redio, akazungusha mpini, akafuata maagizo, akaandika majina ya waliofika. Wengi wao walifanya hivyo bila mshahara. Mmeshika hesabu yangu? Australia alikuwa mama, Tanzania alikuwa kiongozi wa kikundi, Zambia akawa msaidizi wa kijiji. Kila penye somo la bure pana mtu anayelipa kwa jasho, naye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote waliokaa mezani kulipanga.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba habari hizi si ngeni. Kuanzia mwaka 2006 Wizara ya Elimu ya Zanzibar, kwa kushirikiana na shirika la EDC la Marekani, ilitoa vipindi vya "Tucheze Tujifunze" kwa watoto wadogo, pamoja na wale waliokosa nafasi katika skuli za maandalizi. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, yenye nyimbo na michezo, na watoto walihesabu kwa vitu vilivyopatikana hapo hapo walipo. Mtoto aliyekuwa akishinda uwanjani akiwatazama wenzake wakienda skuli, sasa naye alikuwa na saa yake ya kuitwa.

Halafu yakaja mambo ambayo hakuna aliyeyapangia. Mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola uliingia Sierra Leone. Wakati wa likizo ulipokwisha shule hazikufunguliwa, wala hazikufunguliwa mpaka Aprili 2015. Mwezi wa Oktoba 2014 serikali ilianza kufundisha kwa redio. Ilifaa kwa wenye redio. Nyumba nyingi hazikuwa nayo, na mtoto wa nyumba hizo alisikia tu kwamba masomo yapo. Miaka michache baadaye, Machi 2020, ugonjwa wa korona ulifunga shule zetu pia, Tanzania na Kenya. Tanzania shule zote zilikuwa zimefunguliwa mwishoni mwa Juni mwaka ule ule, lakini Kenya watoto wa madarasa mengi walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Masomo yalipelekwa kwa redio, kwa televisheni na kwa simu. Ninyi wenyewe mnajua katika mtaa wenu ni mtoto gani aliyasikia na ni yupi aliyetumwa kuchota maji saa ya kipindi.

Basi kazi yenu ya leo ni ya hesabu, wala si ngumu. Mmoja wenu aende ubaoni. Aandike bei ya betri za redio moja kama zinavyouzwa katika duka lenu. Chini yake aandike betri hizo zinadumu wiki ngapi, mkisikiliza vipindi vyote vya darasa hili. Mtafute gharama ya mwaka mzima, kisha mgawanye kwa idadi ya wanafunzi waliopo leo, siyo walioandikishwa. Jibu lenu mliandike katika daftari, na jina la mtu aliyenunua betri za mwezi huu mliandike pembeni yake.

Nitanyamaza ili mpate nafasi ya kuanza.

(Kimya.)

Kwa herini mpaka kipindi kijacho.